Bagamoyo: historia ya mji na kanisa lake

Bagamoyo ni mji wa kale wa Tanzania katika mkoa wa Pwani, ufukoni mwa Bahari Hindi, takriban kilomita 75 kaskazini kwa Dar es Salaam. Barabara kutoka Kinondoni hupita Tegeta na Bunju, kisha huvuka mto Mpiji na kuingia wilaya ya Bagamoyo. Mdomo wa mto Ruvu, ambao zamani uliitwa pia Kingani, uko upande wa kaskazini wa mji.

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa bandari kuu ya misafara ya kwenda bara, halafu kwa miaka michache makao makuu ya Wajerumani. Kanisa Katoliki la mji huo ni kati ya makanisa ya kwanza ya Tanzania bara.

Mji wa misafara

Bagamoyo inatazamana na Unguja. Pwani yake ina maji mafupi: majahazi yaliweza kukaa juu ya mchanga wakati wa maji kupwa na kupakuliwa kwa mikono. Kutoka hapo njia ilivuka mto Ruvu na kuelekea Tabora na Ujiji, safari ya kilomita 1,200 hivi kwa miguu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walileta pembe za ndovu na kurudi na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Watumwa pia walipitishwa hapa kwenda Unguja. Jina la mji huelezwa kwa namna mbili: mpagazi aliyefika alibwaga moyo kwa kupumzika; mtumwa aliyevushwa bahari aliuacha moyo wake bara.

Misheni na waliokombolewa

Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Antoine Horner, walihamia Bagamoyo kutoka Unguja baada ya kupewa ardhi na Sultani Majid bin Said. Walinunua watumwa, hasa watoto, na kuwaweka katika kijiji cha uhuru. Huko walifundishwa kusoma, ufundi na kilimo. Hata hivyo uhuru wao ulikuwa na mipaka: walifanya kazi katika mashamba ya misheni na waliishi kwa kanuni za mapadre. Kutoka kwao walipatikana Wakristo waliotumwa kuanzisha vituo vya bara kama Mhonda (1877).

Kanisa la kwanza la mawe lilijengwa mwaka 1872. Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulilazwa humo, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miezi tisa kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo. Mnara wa kanisa hilo bado umesimama.

Wakati wa Wajerumani

Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilianza kutawala pwani na kukusanya ushuru. Watu wa pwani walipinga, wakiongozwa na Abushiri bin Salim. Bagamoyo ilipigwa mizinga na kuchomwa, na wakazi wengi walikimbilia uwanja wa misheni, ambao pande zote mbili ziliuacha. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889.

Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu kwenda Dar es Salaam. Maji mafupi yaliyoyafaa majahazi hayakuzifaa meli za mvuke, zilizolazimika kutia nanga mbali na pwani. Dar es Salaam ilikuwa na bandari yenye kina. Pigo la pili lilikuwa reli ya kati: ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Mzigo uliohitaji miezi mabegani mwa wapagazi ukasafirishwa kwa siku chache, na misafara ikaisha.

Kanisa halikufuata njia ya bandari. Katika miaka hiyohiyo ya kudorora kwa mji, 1910 hadi 1914, misheni ilijenga kanisa jipya, kubwa kuliko la kwanza, ambalo linatumika hadi leo.

Hali ya leo

Nyumba ya zamani ya masista ni makumbusho. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji katika orodha ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia wa UNESCO.