Anga iko na herufi saba: nani anaomba ruhusa, na nani anachungwa?

Hii ni kwa ninyi wenye munatayarisha ekzame ya breve ya piloti. Kuna swali moja lenye linaangusha hata mutu mwenye alisoma vizuri: «Unaruka VFR, unataka kuingia katika anga ya klasi C. Unahitaji ruhusa?» Mutu anajibu haraka: «Apana, inatosha kontroleri anijibu kwa radio.» Kwa Marekani jibu hilo ni sawa. Kwa kanuni za ICAO ni kosa. Na Congo yetu ni memba wa ICAO, hata kama video mingi zenye tunaangalia usiku na megabaiti zetu kidogo zinatoka Marekani.

Tuanze mwanzo. VFR ni kuruka kwa macho: unaona mbele, unakwepa wengine mwenyewe. IFR ni kuruka kwa kufuata vyombo, hata ndani ya wingu. ICAO inagawanya anga kwa klasi saba, A mpaka G, na kila inchi inachagua zile zenye zinaifaa. Haiko lazima kutumia zote. Wengi wanashika hizo herufi kama wimbo, kisha mbele ya karatasi wimbo unakatika. Mimi naona heri kujiuliza maswali mawili tu: nani anaomba ruhusa, na kontroleri anatenganisha nani na nani?

Klasi A ni ya IFR peke yake, VFR haiingie. Katika B wote wanaingia kwa ruhusa, na kila ndege inatenganishwa na kila nyingine. Katika C pia wote wanaomba ruhusa. IFR inatenganishwa na wote, lakini VFR na VFR wanapewa tu habari: fulani yuko mbele yako, umutafute kwa macho.

Sasa D, njo hapa watu wanateleza. Wewe wa VFR umeomba ruhusa, umeipata, unajisikia umelindwa. Apana! Katika D kontroleri anatenganisha IFR na IFR tu. Wewe anakuambia wengine wako wapi, na kuwakwepa ni kazi yako. Mutu anaweza kuwa na ruhusa mukononi na bado hakuna mwenye anamutenganisha na ndege yoyote. Ukishika hilo, nusu ya maswali inakuwa nyepesi.

E: IFR inaomba ruhusa, VFR inapita bila kuomba. F na G hakuna ruhusa kwa mutu yeyote. Katika F ndege za IFR zinapewa mashauri, katika G kuna habari tu kwa mwenye anaziomba.

Turudi Marekani kidogo, juu mutakutana nayo. Kule klasi B inataka kontroleri atamke wazi kwamba umeruhusiwa kuingia. Lakini kwa C na D, inatosha muwe munasikilizana kwa radio. Akitaja namba ya ndege yako na kusema «ngoja», mumekwisha kusikilizana, unaweza kuingia, isipokuwa akikuambia ubakie inje. Akisema tu «ndege yenye inaita, ngoja», bila namba yako, bado. Kwa ICAO, hata akikutaja mara kumi, bila ruhusa unabakia inje.

Ruhusa nayo unairudilia kwa sauti ili kontroleri asikie kama ulielewa. Na haikupe haki ya kuingia wingu: kama njia yenye ulipewa inakupeleka ndani ya mawingu na wewe ni VFR, unaomba ruhusa ingine mbele ya kufika pale.

Sasa kitu chenye sisi wa Kivu tunapaswa kusoma mara mbili. Katika F na G, kwa chini, VFR inatakiwa kuona kilometa 5, kuwa inje ya mawingu na kuona udongo. «Kwa chini» ni wapi? Kanuni inasema: mpaka futi 3000 juu ya bahari, ao futi 1000 juu ya udongo, ile yenye iko juu zaidi. Goma iko karibu futi 5000 juu ya bahari. Kwa hiyo zile futi 3000 kwetu ziko ndani ya udongo! Unatumia futi 1000 juu ya udongo, ni kusema karibu futi 6000 juu ya bahari. Ukipita hapo, mawingu unayaacha meta 1500 kwa pembeni na meta 300 kwa juu ao chini. Kuanzia futi 10 000, kuona kunakuwa kilometa 8, na kilele cha Nyiragongo, chenye kinapita meta 3400, kimekwisha kupita futi 11 000. Mwenye anajifunzia inchi ya tambarare karibu na bahari hawezi kuwaza hilo, lakini wewe mwalimu anaweza kukuuliza.

Na klasi ya uwanja fulani, musiikisie. Fungueni AIP ya inchi ile pamoja na karta, musome herufi, kisha musome mwanzo na mwisho wake kwa urefu: uwanja mumoja unaweza kuwa na herufi moja chini na ingine juu yake.