Snokeli katika Bahari ya Baridi: Mafunzo ya Mwanzo kutoka Rasi ya Cape

Kuogelea kwa snokeli ni kuelea kifudifudi juu ya maji, uso ukiwa ndani ya barakoa ya kioo, mtu akipumua kwa mrija unaochomoza juu huku miguu iliyovaa mapezi ikimsukuma taratibu. Katika bahari ya Unguja, Mafia au Watamu, ambako maji huwa na nyuzijoto 25 hadi 29 kwa sehemu kubwa ya mwaka, maandalizi yake ni machache. Katika bahari ya baridi mambo hubadilika. Mojawapo ya mahali panapojulikana sana kwa snokeli ya baridi ni Rasi ya Cape, Afrika Kusini, ambako upande wa Atlantiki maji huwa kwa kawaida kati ya nyuzijoto 10 na 16. Huko, kujua kuogelea peke yake hakutoshi. Kinachomlinda anayeanza ni kutawala pumzi zake katika dakika za kwanza, na kutoka majini kabla mwili haujachoka.

Baridi inatoka wapi

Pwani ya magharibi ya Afrika Kusini hupitiwa na mkondo wa Benguela, unaokwenda kaskazini kuelekea Namibia. Kuanzia Novemba hadi Machi, ambayo huko ni miezi ya kiangazi, upepo mkali wa kusini mashariki husukuma maji ya juu kutoka ufukweni, na maji ya kilindini hupanda kuchukua nafasi yake. Maji hayo ni baridi sana, na yamejaa virutubisho vinavyolisha mwani na samaki. Ndiyo maana siku ya jua kali, watu wakiwa wamejianika kwenye mchanga wa Clifton au Camps Bay, bahari iliyo mbele yao inaweza kuwa na nyuzijoto 11.

Upande wa mashariki wa rasi iko False Bay, ghuba pana iliyokingwa dhidi ya sehemu ya baridi hiyo. Kiangazi maji yake hufika nyuzijoto 18 hadi 20. Kipupwe hushuka hadi 13 au 15. Hata hivyo, ukingo wa magharibi wa ghuba hiyo, karibu na mji wa Simon's Town, hutulia zaidi wakati wa kipupwe, kwa sababu upepo wa kaskazini magharibi huvuma kutoka nchi kavu na kuyalaza mawimbi. Vihori vidogo vilivyozungukwa na majabali, kama Windmill Beach, vimekuwa madarasa ya wanaoanza.

Mwogeleaji wa Unguja hupanga safari yake kwa kufuata bamvua na maji mafu, kwa kuwa tofauti ya maji kujaa na kupwa huko hukaribia mita 4. Cape tofauti hiyo haifiki mita 2. Kwa hiyo kinachotazamwa kwanza ni upepo na ukubwa wa mawimbi, na upande unaofaa leo huenda usifae kesho.

Baridi inavyofanya kazi mwilini

Maji hupitisha joto takribani mara 25 zaidi ya hewa. Mtu anayekaa kwa raha na shati jepesi kwenye hewa ya nyuzijoto 20 hawezi kukaa muda mrefu katika maji ya kiwango hicho hicho bila kuanza kutetemeka.

Madhara ya baridi huja kwa hatua. Ya kwanza ni mshtuko wa baridi, ambao huwa mkali hasa maji yanapokuwa chini ya nyuzijoto 15. Ngozi ikipoa ghafla, mtu huvuta pumzi kubwa bila kukusudia, kisha hupumua mbiombio huku moyo ukienda kasi. Pumzi hiyo ya kwanza ikivutwa uso ukiwa chini ya maji, maji huingia mapafuni. Hali hii hutulia yenyewe ndani ya dakika moja hadi tatu, na ndiyo sababu waokoaji husisitiza kwamba anayeangukia maji ya baridi aelee kwanza chali, atulie, ndipo afikirie kuogelea.

Hatua ya pili ni kuishiwa nguvu za viungo. Damu hukimbilia katikati ya mwili kuhifadhi joto, mikono na miguu hupoa, vidole huwa vizito. Bila vazi la kukinga, hata mwogeleaji hodari anaweza kushindwa kusogea ndani ya nusu saa au chini ya hapo. Hatua ya tatu, haipothemia, ni pale joto la ndani ya mwili linaposhuka chini ya nyuzijoto 35. Kwa kawaida mtu mzima huchukua zaidi ya nusu saa kuifikia. Kwa hiyo wengi wanaozama katika maji ya baridi huwa wamezama kabla hawajafikia haipothemia, kwa sababu ya pumzi au viungo.

Mwili unaweza kuzoezwa. Utafiti umeonyesha kwamba kuingia majini mara tano au sita kwa dakika chache hupunguza mshtuko wa baridi kwa kiasi kikubwa. Filamu ya My Octopus Teacher ya mwaka 2020, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2021, inamwonyesha Craig Foster akizamia False Bay bila suti ya kukinga baridi. Alifika hapo baada ya kuzoea kwa muda mrefu. Anayeanza asimwige.

Vifaa

Kifaa cha kwanza ni suti ya neoprini, aina ya mpira uliojaa viputo vidogo vya gesi. Chimbuko la suti za aina hii linahusishwa na Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, aliyezifanyia kazi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Suti haizuii maji kuingia. Tabaka jembamba la maji hubaki kati ya mpira na ngozi, mwili hulipasha joto, na viputo huzuia joto hilo lisitoroke. Suti ikipwaya, maji mapya ya baridi hupenya kila mtu anaposogea na faida yote hupotea. Wakati wa kuijaribu dukani, mtu achuchumae na kuinua mikono: pakionekana nafasi kwenye kiuno au kwapani, suti hiyo si yake.

Kwa maji ya Cape, unene wa milimita 5 hufaa wengi, na wanaopata baridi upesi huchukua milimita 7. Kofia, glavu na viatu vya neoprini ni sehemu ya vazi, si mapambo. Suti nene humwelesha mtu, jambo ambalo ni usalama kwa anayeanza. Mkanda wa vyuma vya uzito uachwe hadi atakapojifunza kuzamia chini ya mwalimu.

Barakoa hujaribiwa kwa kuiweka usoni bila kufunga mkanda, kisha kuvuta hewa kidogo kwa pua. Ikishika yenyewe bila kuanguka, inafaa. Ukingo wake lazima uguse ngozi tupu: unywele mmoja au pindo la kofia likiingia chini yake, maji yatavuja. Ili kioo kisifanye ukungu, waogeleaji hupaka mate ndani na kusuuza mara moja kwa maji ya bahari. Mrija uwe mfupi wa kawaida, kwa kuwa mrija mrefu hubakiza hewa iliyokwisha tumika, ambayo huvutwa tena. Barakoa zinazofunika uso mzima hazifai kwa mafunzo haya. Si rahisi kuzivua haraka hatari inapotokea.

Kila mwogeleaji avute boya la rangi kali lililofungwa kwa kamba. Huonekana na mashua, na mtu aliyechoka hulishika.

Mara ya kwanza majini

Mazoezi huanzia kwenye bwawa au maji ya kina cha kifua. Mambo matatu hurudiwa hadi yawe mazoea: kupumua kwa mdomo pekee, kupuliza kwa nguvu ili kutoa maji yaliyoingia kwenye mrija, na kuinua kichwa na kuvua barakoa bila kuhangaika.

Siku ya bahari, wenzi wawili au zaidi husimama kwanza ufukweni kwa dakika kumi wakitazama mawimbi yanapovunjika, mahali pa kuingilia na mahali pengine pa kutokea endapo pa kwanza pataharibika. Upepo unaovuma kutoka nchi kavu hulaza maji, lakini pia humsukuma mtu kwenda mbali bila yeye kujua. Kwa hiyo huogelewa sambamba na ufuko, si kuelekea nje. Anayevutwa na mkondo wa kurudi baharini asishindane nao. Aogelee sambamba na ufuko hadi atoke kwenye njia ya mkondo, ndipo arejee.

Kuingia ni polepole. Maji hufikishwa kiunoni, mikono na shingo hulowanishwa, kisha uso, huku mtu akihesabu pumzi ndefu za kutoa. Kichwa hakitumbukizwi mpaka pumzi zitulie. Kupumua haraka kwa makusudi kabla ya kuzamia ni hatari, kwani kunaweza kumfanya mtu apoteze fahamu chini ya maji bila dalili yoyote.

Safari ya kwanza iwe ya dakika 10 hadi 15. Kuna kipimo rahisi cha kujua muda umekwisha: kidole gumba kikishindwa kugusa kidole kidogo cha mkono huo huo, mtu arudi ufukweni mara moja. Aliyeanza kutetemeka amechelewa kidogo.

Ndani ya msitu wa mwani

Kinachowavuta watu kuvumilia baridi hii ni kelpu, mwani mkubwa unaoweza kupita urefu wa mita 10. Hauna mizizi, hushika mwamba kwa vidole vigumu vilivyosukana, na shina lake lenye uwazi ndani huishia kwenye uvimbe uliojaa gesi unaoyainua majani hadi juu. Misitu hii huendelea kwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Cape hadi Namibia, na hupunguza nguvu ya mawimbi. Anayepita humo hutenganisha majani kwa mikono na kupiga mapezi polepole. Jani likimnasa, asizunguke. Atulie na kulitoa kwa mkono.

Chini ya majani hayo yupo papa mdogo mwenye mabaka ya kahawia, asiyefika urefu wa mita moja, ambaye akishtuka hujikunja na kufunika macho kwa mkia wake. Sakafuni wapo wanyama wa duara wenye miiba mwili mzima, jamaa za wale wanaowachoma wavuvi wa Afrika Mashariki miguuni. Wachanga wa abaloni, konokono wa bahari mwenye bei kubwa, hujificha chini ya miiba hiyo. Katika miaka ya 1990 kamba koche walihamia kwa wingi mashariki ya False Bay na kuwala wanyama hao wa miiba. Abaloni wachanga wakakosa maficho na kupungua. Kwa sababu hii mgeni hageuzi jiwe wala haokoti chochote. Sili, na pengwini wa ufuko wa Boulders karibu na Simon's Town, waliohamia hapo miaka ya 1980, huachwa wasogee wenyewe wakitaka, wala hawaguswi.

Kuhusu papa wakubwa, tangu mwaka 2004 walinzi wa mpango wa Shark Spotters hutazama bahari kutoka milimani na kupandisha bendera. Bendera nyeupe yenye picha ya papa maana yake ni moja: watu wote watoke majini.

Baada ya kutoka

Joto la ndani huendelea kushuka kwa dakika kadhaa baada ya mtu kufika nchi kavu, damu baridi ya mikononi na miguuni inaporudi katikati ya mwili. Suti ivuliwe upesi mahali pasipo na upepo, mwili ukaushwe, nguo za sufu zivaliwe kuanzia kifuani, kisha chai ya moto yenye sukari inywewe. Kuoga maji ya moto na kuendesha gari vingoje hadi mtetemeko uishe. Pombe haipashi mwili joto. Hupanua mishipa ya ngozi na kulipoteza joto lililobaki.

Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au pumu amwone daktari kabla ya kujaribu, na asiyejua kuogelea aanze na hilo. Wengine wote waanze na kiongozi anayeijua pwani hiyo, wala wasiingie peke yao. Mwenzi anayebaki ufukweni awe na simu: namba ya dharura kwa simu ya mkononi nchini Afrika Kusini ni 112.