Tumbo Lisilodai Chakula: Homoni za Njaa na Uvimbe wa Tumbo

Mwaka uliopita, baada ya sala ya alasiri, alitujia mama mmoja wa mtaani kwetu akiwa na shauri la nyumbani. Mumewe, mtu mzima aliyepindukia miaka 60, alikuwa ameanza kukikataa chakula chake. "Maalim," alitwambia, "nampikia mchuzi wa nazi aupendao, anakula matonge matatu na kuisukuma sahani. Asema ameshiba. Mtu hushiba kwa matonge matatu? Kama hanitaki tena, na aseme." Majirani walikuwa wamekwisha kumtia maneno. Wapo waliosema mume ameoa kwengine na huko ndiko alako, na wapo waliosema ni hasadi.

Tulimsomea dua, tukamuusia subira, kisha tukamwita mume na kumnasihi asiuvunje moyo wa mkewe. Mzee alituitikia kwa adabu na akarudia neno lile lile: ameshiba. Miezi minne baadaye alipopigwa kamera ya tumbo hospitalini, alikutwa na uvimbe wa saratani. Tunayaandika haya kwa idhini yao wote wawili, na kwa haya yetu wenyewe. Nasaha tuliyoitoa haikuwa mbaya, ila tuliipeleka pasipo pake. Mzee alikuwa akisema kweli, na sisi watatu hatukumsadiki.

Tangu siku ile tumesoma na kuwauliza wajuao, na la kwanza tulilojifunza ni kwamba njaa si utupu wa tumbo tu. Ni ujumbe. Mwaka 1999, wataalamu wawili wa Japani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, waligundua katika tumbo la panya homoni waliyoiita ghrelini. Kwa binadamu pia, sehemu kubwa ya homoni hii hutengenezwa na seli zilizo katika utando wa ndani wa tumbo, hasa sehemu ya juu. Huingia katika damu, hufika kwenye ubongo, na hapo mtu husema: nina njaa. Hupanda kabla ya chakula na kushuka baada ya kula. Mwenzake ni leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na jopo la Jeffrey Friedman mjini New York. Hiyo hutoka zaidi katika mafuta ya mwili, nayo huuambia ubongo kwamba akiba ipo.

Wafungaji watalitambua jambo moja hapa. Watu waliokaa bila kula mchana na usiku walipopimwa damu, ghrelini yao ilipanda nyakati walizozoea kula, kisha ikashuka yenyewe pasi na tonge kuingia kinywani. Ndiyo maana njaa ya saa saba mchana katika Ramadhani huuma, kisha hupita.

Sasa, mjumbe huyu anakaa ndani ya nyumba ile ile inayoweza kuungua. Katika tumbo la watu wengi mno duniani huishi bakteria aitwaye Helikobakta pilori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walimtambua mwaka 1982. Aghalabu huambukizwa utotoni, ndani ya familia. Wengi huishi naye bila saratani, na hilo tulitaje mapema ili tusitishane. Lakini kwa baadhi ya watu huuchoma utando wa tumbo miaka nenda miaka rudi, hadi unakonda na seli zake kufa. Zikifa seli hizo, ghrelini nayo hupungua.

Nchini Finland, kati ya mwaka 1985 na 1988, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 waliandikishwa katika utafiti mmoja, na damu yao ikahifadhiwa. Baadaye damu ya waliopata saratani ya tumbo ililinganishwa na ya wenzao waliosalimika. Waliokuwa na ghrelini kidogo tangu mwanzo ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi. Msomaji asifahamu kwamba upungufu wa homoni ndio uliozaa uvimbe. Upungufu huo ni kama moshi: huonyesha kwamba utando umekwisha kuharibika, na utando ulioharibika ndio shamba la saratani.

Uvimbe ukishaota, mambo huwa mazito zaidi. Tumbo hukakamaa, likajaa upesi. Kwa wagonjwa wengine ghrelini hupanda badala ya kupungua, lakini ubongo hauisikii, kwa kuwa mwili unaopambana na uvimbe humwaga katika damu kemikali zinazozima hamu ya chakula. Mke apike pilau, apike biriani, abadilishe na viungo. Hakuna sufuria inayoweza kuushinda ujumbe huo.

Basi mtu mzima anayeshiba haraka kwa majuma kadhaa, akapungua uzito bila kukusudia, akawa na kichefuchefu au maumivu ya chembe ya moyo, apelekwe kwa daktari. Akitapika damu au akienda choo cheusi kama lami, asingojee hata kesho. Tembe za kutuliza asidi zinazonunuliwa dukani huweza kuyapoza maumivu huku uvimbe ukikua. Mzee wetu alizimeza kwa miezi. Na Helikobakta hupimwa kwa choo au pumzi, hutibiwa kwa dawa za kuua bakteria pamoja na za kupunguza asidi, na dozi humalizwa hata kama mtu ameona nafuu.

Mzee alipasuliwa, akaondolewa sehemu kubwa ya tumbo. Pamoja na nyama ile iliondoka ghrelini nyingi, na hili familia nyingi haziambiwi: mgonjwa hutoka hospitalini akiwa hana njaa kabisa. Japani, mwaka 2010, watafiti wa Osaka walionyesha kwamba waliotolewa tumbo lote wakipewa ghrelini baada ya upasuaji walikula zaidi na kupungua uzito kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2021 nchi hiyo iliidhinisha anamorelini, dawa inayoiga kazi ya ghrelini, kwa wagonjwa waliokondeshwa na saratani za aina kadhaa, ya tumbo ikiwemo.

Mtaani kwetu dawa ni saa ya ukutani. Mama yule humwekea mumewe sahani ndogo mara sita kwa siku: uji wa mchele, yai, samaki aliyechambuliwa miba. Mzee hula kwa sababu wakati umefika, si kwa sababu tumbo limeuliza. Juma lililopita tulikwenda kumjulia hali, tukamkuta na kikombe cha uji mkononi. "Maalim," alitwambia huku akicheka, "leo nimeshiba tena, na leo nimesadikiwa."