Mwasho wa pareto: Usidhani ni upele wa kawaida

RUBAVU – Mfanyabiashara anayefika Busasamana, kwenye udongo wa volkano unaopakana na Kongo, hufikiria kwanza viazi. Lakini Rubavu, pamoja na Nyabihu, Musanze na Burera, ni wilaya inayolima pareto pia, maua meupe yanayotengenezewa dawa ya kuua wadudu. Zao hilo lililimwa Rwanda tangu miaka ya 1930, na majirani zetu Kenya na Tanzania nao wanalo.

Pareto inaleta pesa. Kwa baadhi ya wanaoishika, inaleta pia ugonjwa wa ngozi.

Maua yaliyokaushwa husagwa kiwandani, kisha kemikali ya kuyeyushia hutoa utomvu mzito wenye sumu ya wadudu. Utomvu huo ghafi, pamoja na vumbi la maua, una viambato vinavyoamsha mzio. Dawa ikishasafishwa vizuri, hatari hiyo hupungua sana. Kwa hiyo wanaoumia zaidi ni wachumaji, wakaushaji, wapakiaji wa magunia na vibarua wa kusaga.

Dalili huanza na mwasho mikononi, shingoni na usoni, kisha malengelenge madogo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Ngozi hugeuka nyeusi zaidi, ikawa nene na kupasuka. Ugonjwa huu hauambukizi. Lakini mwili ukishaukataa utomvu, kawaida hausahau: hata vumbi kidogo huurudisha.

Wengi hudhani ni upele au jua kali, wakakimbilia krimu za sokoni. Baadhi ya krimu hizo, hasa za kung'arisha ngozi zinazovushwa mipakani, zina steroidi kali. Mwasho hutulia kwa muda, huku ngozi ikizidi kuwa nyembamba. Anayeziuza naye ajue anauza nini.

Kuna swali la nani analipa. Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake, na mwajiri huchangia RSSB asilimia 2 ya mshahara kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazini. Kibarua asiyesajiliwa na mchuuzi anayejibebea magunia hawamo. Ngozi ikiharibika, siku za kazi zinapotea na hakuna fidia.

Kinga si ghali. Vaa mikono mirefu na glovu, funika shingo, nawa kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kurudi nyumbani, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Ukienda kituo cha afya, mwambie mhudumu unashika nini kila siku, na kama mwasho hupungua unapopumzika. Bila maneno hayo mawili, unaweza kutibiwa upele usio nao, huku gunia likiendelea kukuumiza.