Picha ya kikundi ghalani: Mwanga mbaya usiwafiche wenye mali

KWA mfanyabiashara wa mpakani, picha ya kikundi si pambo la ukutani tu. Ndiyo inayowekwa kwenye bango la banda la maonyesho, ndiyo inayoambatishwa kwenye andiko la kuomba mkopo, na ndiyo inayotumwa kwa simu kwa mnunuzi wa upande wa pili ambaye hajawahi kukanyaga ghala lenu. Mnunuzi huyo akiona nyuso tatu zinazong'aa kama zimepakwa unga na nyingine ishirini zikiwa gizani, ana haki ya kujiuliza kama kikundi hicho kina watu kweli.

Picha nyingi za vikundi hupigwa ndani ya majengo makubwa: ghala la mahindi na maharage, soko lenye paa, au ukumbi wa mikutano. Paa liko juu, mabati yameshika vumbi, na mwanga unaingia kwa mlango mmoja. Mwenye simu anasimama karibu, anawasha flashi, anabonyeza mara moja na kazi imeisha. Wanaoumia ni wale wa nyuma, na mara nyingi wa nyuma ndio wabeba mzigo wenyewe.

Habari njema ni kwamba ghala hilohilo lina karibu kila kitu kinachohitajika kwa picha nzuri. Kinachotakiwa ni kuelewa mwanga na kuwapanga watu kwa utaratibu.

Flashi ya simu haifiki nyuma

Mwanga wa taa ndogo hupungua haraka kuliko wengi wanavyodhani. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaomfikia mtu unabaki robo. Aliyeketi mita 2 kutoka kwenye flashi akipata mwanga wa kutosha, aliyesimama mita 4 anapata robo yake tu. Hapo ndipo mstari wa mbele unapoungua na wa nyuma kuzama.

Dawa ni kusogeza taa mbali na watu wote kwa pamoja. Taa yenye nguvu ikiwekwa mita 6 kutoka mstari wa mbele, aliye mita 8 atapata zaidi ya nusu ya mwanga wanaopata wa mbele, na tofauti hiyo jicho hulivumilia. Kwa hiyo kikundi kikiamua kumlipa mpiga picha, kimuulize mapema kama ana taa mbili za kusimamisha juu kwenye stendi, kila upande moja, zenye miavuli ya kulainisha mwanga. Akisema ataelekeza flashi juu ili mwanga urudi, akumbushwe kwamba dari nyeupe la ofisi liko karibu, lakini paa la ghala lililo juu na lililojaa vumbi halirudishi kitu.

Mlango ndiyo taa kubwa

Kikundi kisicho na fedha za taa kina mlango. Lango la ghala linalopitisha lori ni taa pana kuliko taa yoyote ya studio, na mwanga wake ni laini mradi jua lisiingie moja kwa moja.

Wapange watu ndani, mita 3 au 4 kutoka kizingitini, wakitazama nje. Mpiga picha asimame nje, mgongo wake ukielekea mwangani, bila kuziba mlango. Nyuso zote zitapata mwanga unaokaribiana. Kosa la kawaida ni kinyume chake: watu wanapewa mgongo mlango, simu inapima ule weupe wa nje, na nyuso zinageuka vivuli. Kosa la pili ni kuwapanga kwa mstari unaotoka mlangoni kuelekea ndani, aliye karibu nao akang'aa na wa mwisho akapotea.

Chagua saa ambayo jua halipigi mlango huo. Lango linalotazama mashariki lipigiwe picha mchana au alasiri, na linalotazama magharibi asubuhi. Kama hakuna namna ya kusubiri, shuka jeupe likitandazwa juu ya lango litalainisha jua. Turubai la bluu au la kijani lisitumike: rangi yake huhamia kwenye nyuso, na watu wenye afya huonekana wagonjwa.

Baadhi ya maghala yana bati angavu juu ya paa. Hilo huleta mwanga wa utosini, unaotia giza kwenye macho, hasa kwa waliovaa kofia zenye ukingo. Watu wainue nyuso kidogo, kofia zisogezwe nyuma, na shuka jeupe litandikwe sakafuni mbele ya mstari wa kwanza, nje ya fremu. Mwanga utagonga shuka na kurudi usoni.

Kuhusu taa za umeme, kanuni ni moja: usichanganye rangi. Mwanga wa mlangoni una ubluu, balbu za zamani zina umanjano, na baadhi ya tyubulaiti zina ukijani. Mlango ukitosha, zima taa zote. Mlango usipotosha, funga mlango na tumia taa za aina moja. Mistari ya giza ikionekana kwenye kioo cha simu, sababu ni kumetameta kwa taa. Umeme wa kanda yetu ni wa hezi 50, hivyo kasi ya kamera ikiwekwa sekunde 1 kwa 100, mistari hupungua au hutoweka.

Jambo la mwisho kuhusu mwanga ni rangi ya ngozi. Simu huvutwa na vitu vyeupe, kama kanzu au magunia ya plastiki, ikapunguza mwanga wa picha nzima. Gusa kioo juu ya uso wa mtu mweusi zaidi aliye katikati, kisha ongeza mwanga kidogo. Kanzu ikipoteza mikunjo si hasara kubwa, lakini sura ya mwanachama ikipotea ni hasara.

Mistari mitatu, hatua kumi

Tuchukue kikundi cha watu 24. Wapange mistari mitatu ya watu wanane: wa kwanza wameketi kwenye benchi, wa pili wamesimama, wa tatu wamepanda juu ya mbao za kupangia mizigo zilizo imara. Kila mmoja ageuze bega kidogo na kusimama katikati ya vichwa viwili vya mbele yake. Watu wanane waliobanana hivyo huchukua upana wa takriban mita 4.

Mpiga picha asisogee karibu. Lenzi pana ya simu huwavuta watu wa pembeni, mwembamba akawa mnene. Arudi nyuma mita 7 au 8, yaani hatua kama kumi, na kuvuta picha mara mbili. Simu iwe kwenye usawa wa macho ya waliosimama au juu kidogo, na iegemezwe kwenye kitu kisichotikisika.

Mzigo nao una nafasi yake. Magunia yakipangwa mita moja au mbili nyuma ya watu, picha inasema kikundi kinauza nini bila kuhitaji maelezo. Yakiachwa mbali, giza la ghala litayameza.

Nani akae wapi ni suala la haki. Mwenyekiti na mhazini wakae katikati, lakini mstari wa mbele usiwe wa viongozi peke yao. Mpakani mwa Goma na Rubavu, watu wenye ulemavu wamejulikana kwa miaka mingi kwa kuvusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu. Mwanachama wa namna hiyo asiachwe pembeni kama mtazamaji: aingie ndani ya mstari wa walioketi, ambako vichwa vinalingana.

Macho yaliyofumba

Mwaka 2006, Nic Svenson na Piers Barnes wa taasisi ya sayansi ya Australia, CSIRO, walipata tuzo ya Ig Nobel, inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Walikokotoa ni picha ngapi zipigwe ili ipatikane moja ambayo hakuna aliyefumba macho. Kwa kundi la chini ya watu 20, gawanya idadi yao kwa tatu kama mwanga ni mzuri, au kwa mbili kama ni hafifu. Watu 12 katika mwanga mzuri wanahitaji picha nne, na gizani sita. Kwa kikundi cha watu 24, piga 15 au zaidi mfululizo.

Ruhusa na majina

Maeneo ya forodha na uhamiaji yasipigwe picha bila ruhusa, hata kama ghala lenu liko jirani. Wanachama nao waulizwe picha itatumika wapi. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022, na sura ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Asiyetaka kuonekana asilazimishwe.

Picha ikishapatikana, itumwe kwa WhatsApp kama faili la hati, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora na bangoni itatoka na ukungu. Kisha katibu aandike siku hiyohiyo majina kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari, pamoja na tarehe, mahali na majina ya waliokosekana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku mgogoro wa uanachama ukizuka, au afisa wa mikopo akitaka kujua nani alikuwepo tangu mwanzo, picha yenye nyuso zinazoonekana na majina yaliyoandikwa itawasaidia hata wale wa mstari wa nyuma.