Nesi mmoja wa zamu ni watu wangapi?

Tuanze na hesabu ya darasa la saba. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Gawa 168 kwa 45, unapata 3.7. Yaani ili leba isikose nesi mmoja, mmoja tu, usiku na mchana, unahitaji manesi wanne. Ongeza likizo ya mwaka, anayeumwa, aliye likizo ya uzazi, aliyeitwa semina Tanga mjini: wanakuwa watano.

Kwa hiyo ukisikia zahanati ina manesi wawili, usiseme "si haba". Wawili wanatoa saa 90. Zile 78 zinazobaki kila wiki, ama hakuna mtu, ama yupo mtu ambaye alitakiwa awe amelala.

Sasa peleka hesabu hiyo Mkwaja. Kijiji kipo kusini mwa Wilaya ya Pangani, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Hospitali ya wilaya iko Pangani mjini, ng'ambo ya mto, na kwa miaka mingi rufaa imemaanisha safari ndefu ya barabara ya vumbi, halafu kusubiri kivuko pale Bweni. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Atakayemwokoa ni yule aliye naye chumbani, mwenye sindano ya oksitosini na mikono miwili.

Na mikono hiyo ina kazi. Mama mwenye uchungu, mapigo ya moyo ya mtoto yanasikilizwa kila nusu saa. Aliyejifungua sasa hivi, anaangaliwa damu, presha na mfuko wa uzazi kila dakika 15. Wakiwepo wote wawili, ni mara sita kwa saa, bado hujamhesabu kichanga wala mtoto wa homa aliyeletwa mlangoni.

Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali za Pennsylvania, Marekani: kila mgonjwa mmoja wa upasuaji aliyeongezwa kwa nesi aliendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa kufa ndani ya siku 30. Pennsylvania si Pangani, na uhusiano peke yake hauthibitishi chanzo. Ila mwelekeo wake unaeleweka kwa yeyote aliyewahi kulinda mgonjwa wodini.

Je, sheria yetu inasemaje? Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 inamtazama nesi: usajili, leseni, nidhamu, chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Haimbani mwajiri kuhusu idadi ya walio zamu. Idadi ipo kwenye ikama ya Wizara ya Afya. Ile ya 2014–2019 ilitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15 wa kada zote. Lakini ikama ni mwongozo tu. Nesi akikosea anaitwa na Baraza. Nafasi tatu zikikaa wazi mwaka mzima, haitwi mtu.

California ilipitisha sheria ya uwiano mwaka 1999, ikaanza kutumika 2004: wodi ya kawaida sasa ni nesi mmoja kwa wagonjwa watano. Mimi binafsi nisingeinakili. Ukiibana hivyo zahanati ya kijijini, njia rahisi ya kuitii ni kufunga mlango saa tisa alasiri. Wales, kwa sheria yao ya 2016, waliziwajibisha bodi za afya zikokotoe idadi ya manesi wanaohitajika kwenye wodi zinazohusika na zichukue hatua za kuifikia. Hiyo naiona inatufaa zaidi, japo haitajenga nyumba ya mtumishi, na nesi asiye na pa kulala Mkwaja ataomba uhamisho tu.

Ningeanza na kifungu kifupi: kila robo mwaka halmashauri ibandike kwenye ukuta wa kituo idadi ya ikama, idadi ya waliopo, saa zisizo na mtu, na tarehe ambayo kibali cha ajira kiliombwa.