Saa Nzuri Mkononi, na Muda Uliobaki

Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kusimama mbele ya kioo cha duka, akatazama kitu kizuri, kisha akaondoka haraka kabla moyo haujaanza kumsumbua? Mwaka 2022 sisi hatukuondoka. Tuliingia ndani.

Tulikuwa akina mama wanne, tukirudi nyumbani kutoka mkutano wa wanawake wa kanisa. Tulipaswa kubadilisha ndege Dubai, na tulikuwa na muda mrefu wa kungoja. Mmoja wetu alikuwa na jambo lake la kununua. Yeye na mumewe walikuwa wametimiza miaka 25 ya ndoa, na mumewe alikuwa amemwekea akiba kidogo kidogo. Alimwambia, "Mama, hiyo saa yako imechoka. Ukipita Dubai ujinunulie nzuri, usiogope."

Ndogo, yenye rangi, ya sura ya zamani

Muuzaji, kijana mwenye adabu, alitutolea saa za dhahabu na za vito. Mwenzetu alizipita zote, akasimama mbele ya moja yenye uso wa rangi ya waridi. Ilikuwa ya Oris, kampuni ya Uswisi iliyoanzishwa mwaka 1904 katika kijiji cha Hölstein. Mwaka 1965 kampuni hiyo ilikuwa na saa ya wazamiaji wa baharini. Mwaka 2015 ilitoa nyingine kwa sura ileile ya zamani, ikaiita Divers Sixty-Five. Halafu mwaka 2021 zikatoka hizi za rangi: waridi, kijani na buluu, zenye kasha la shaba iliyochanganywa na bati.

Saa nyingi za wazamiaji ni kubwa na nzito, zimekusudiwa mikono ya wanaume. Hii ilikuwa na upana wa milimita 38 tu. Mwenzetu alivua saa yake ya zamani, akaificha kiganjani kana kwamba anaionea haya, akanyoosha mkono. Ni mkono tunaoujua sote: kucha fupi, alama ya kuungua kwa uji, ngozi iliyokauka kwa sabuni. Saa ilikaa pale kama iliyopimwa. Kioo chake kilikuwa kimevimba kidogo katikati, kama tone la maji juu ya jani. Haihitaji betri, hujitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono. Ukiivua ukaiacha siku mbili, husimama.

"Shaba hii itabadilika rangi kwa jasho na hewa ya bahari," kijana alituonya.

"Hata sisi tumebadilika," akajibu mwenzetu, na sote tukacheka.

Lakini tulimwona macho yakimlengalenga. Baadaye alituambia kwamba tangu aolewe hakuwahi kuvaa kitu ambacho hakikuanza kwanza kuwa cha mtu mwingine, au kilichochaguliwa kwa sababu ni cha bei nafuu.

Pete isiyorudi nyuma

Kuzunguka uso wa saa ile kulikuwa na pete yenye alama za dakika. Mwenzetu alijaribu kuigeuza kwa kulia, ikakataa. Alipoigeuza kwa kushoto, ilikwenda ikilia taratibu, tik, tik, tik. Akadhani ni mbovu.

Kijana akatueleza. Mzamiaji hushuka na hewa ya kiasi katika mtungi. Kabla ya kuzama, huisogeza pete ile mpaka alama yake kuu ielekee mshale wa dakika. Hivyo akiwa chini husoma kwenye pete dakika zilizokwisha kupita. Je, pete ikigonga mwamba ikasogea? Kwa kuwa hugeuka upande mmoja tu, itaonyesha kwamba muda mwingi zaidi umepita, kamwe si mchache. Mzamiaji atapanda juu mapema kuliko ilivyohitajika, lakini atapanda akiwa hai. Kama ingegeuka pande zote mbili, ingeweza kumdanganya kwamba bado ana nafasi.

Siku hizi wazamiaji wengi huvaa kompyuta ndogo mkononi, na saa ni msaidizi tu. Hata hivyo pete ile imebaki, nasi hatujaisahau.

Mwanamke na saa ya majini

Msidhani saa za majini ni habari ya wanaume peke yao. Tarehe 7 Oktoba 1927, Mercedes Gleitze, karani mpiga taipu wa London, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Uingereza kuogelea na kuvuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Muda mfupi baadaye mwanamke mwingine alitangaza kuwa amevuka, kumbe ni uongo, na watu wakaanza kumtilia shaka hata Mercedes. Tarehe 21 Oktoba akaingia tena baharini kulitetea jina lake, akiwa amening'iniza saa ya Rolex shingoni. Baridi ilimshinda baada ya saa zaidi ya 10, akatolewa majini. Hakufika, lakini waliomwona hawakumtilia shaka tena, na saa ile ilikuwa bado inakwenda. Mwanamke huyu baadaye alianzisha nyumba za kuwahifadhi maskini katika mji wa Leicester.

Simu kwa baba watoto

Bei ilipotajwa, tulinyamaza. Ilikuwa zaidi ya dola 2,000. Akiba ya mumewe haikufika hapo, lakini mwenzetu alikuwa na fedha nyingine za nyumbani alizoachiwa azitunze. Angeweza kujazia, na nani angejua? Alisimama kitambo, kisha akampigia simu mumewe.

"Baba watoto, saa nimeiona. Ni nzuri mno. Lakini bei yake ni ada ya mtoto, na zaidi."

"Wewe waonaje, mama?"

Alitazama ile pete. "Naona tuiache. Nina jambo jingine nataka tuzungumze nikifika."

Jambo lenyewe lilikuwa mama yake mzazi, kule kijijini. Kwa miaka sita alimwahidi kila Krismasi kumpelekea wajukuu, na kila mwaka likatokea la kuzuia. Akiba ile ililipa nauli ya familia nzima. Walipofika, walimkuta bibi macho yamefifia. Aliwatambua wajukuu kwa kuwapapasa nyuso, mmoja mmoja, na mdogo kabisa hakuwa amemshika tangu abatizwe. "Tulichelewa kidogo," mwenzetu alituambia, "lakini hatukuchelewa kabisa."

Tujifunze nini?

Hatusemi kwamba kitu kizuri ni dhambi. Yule mwanamke aliyemmiminia Bwana marhamu ya thamani kubwa alilaumiwa na watu, lakini Bwana alimtetea. Mume aliyeweka akiba kwa ajili ya mkewe alifanya vema, na mke aliyeipenda saa ile hakukosa. Ila kabla ya kununua, tujiulize: Je, mwenzangu anaijua bei kamili? Je, fedha hii ni yangu, au nimeachiwa niitunze? Je, kuna mtu ambaye muda wake haungoji?

Katika Zaburi ya 90 Musa anaomba kufundishwa hesabu ya siku. Sisi kwa kawaida huhesabu kwa kujipendelea: watoto bado wadogo, wazazi bado wana nguvu, mume nitazungumza naye kesho. Pete ya mzamiaji hukosea upande wa usalama. Nasi tukikosea, tukosee upande huo: tudhani muda uliobaki ni mfupi, tupande mapema.

Mwenzetu bado anavaa saa yake ya zamani. Mumewe alimnunulia mkanda mpya, wa rangi ya waridi.